Kichuguu na Mimi: Shajara ya Bustani ya Parseli

Jumamosi, 10 Juni 2023

Asubuhi hii nimetoka nje na vitenge viwili mabegani na bado meno yaligongana. Juni ya Lubumbashi haina mchezo: mchana jua linawaka, usiku unatafuta blanketi la pili. Bustani yenyewe haipo bado. Kuna vumbi jekundu, mwembe mzee uliotukuta hapa, mparachichi nilioupanda mwaka tuliohamia, ua la Noeli karibu na mlango, na kichuguu.

Kichuguu ndicho sababu ya shajara hii. Parseli yetu ni mita 20 kwa 30, huku Annexe, ukifuata barabara ya Kasenga. Leo nimekizungusha kamba ya kuanikia nguo, kisha nikaipima kamba: mita 38. Kimo, kwa kukadiria na ngazi ya jirani, mita nne na nusu. Yaani karibu moja ya tano ya ardhi tuliyoilipia ni mali ya mchwa. Wengi mtaani walishavunja vyao na sasa wanalala ndani yake, maana udongo wa kichuguu hutoa tofali zuri la kuchoma. Mume wangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi kila baada ya wiki mbili, na kila akirudi ana hesabu mpya kichwani: tofali elfu ngapi, vyumba viwili vya wapangaji, mlango wa kutokea barabarani.

"Mama, ile kichuguu njo nyumba," aliniambia juzi. "Wewe unaona mlima, mimi naona ukuta."

Mimi naona mboga. Tumebishana mpaka chai ikapoa, tukakubaliana hivi: nina mwaka mmoja. Mvua zikipita na bustani haijatoa kitu cha kuonekana mezani, afyatue tofali zake. Nimeiandika tarehe hapa ili mtu asije akaisahau kwa makusudi.

Jumapili, 2 Julai

Shule imefunga. Madaftari ya watoto wa watu yamekwisha, mikono iko huru.

Mama jirani ana mpangaji, kijana anayesoma agronomia pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Jana alipita kuomba moto wa mbabula, lile jiko la makaa, akanikuta nachimba chini ya kichuguu. Akauliza, "Mama Mwalimu, una siki nyumbani?" Nikafikiri anataka kupika. Kumbe alichukua bonge moja jeupe kutoka ndani ya ule udongo, ukubwa wa punje ya hindi, akaliweka kwenye kifuniko cha chupa na kulidondoshea siki. Likaanza kuchemka. Povu dogo, sauti kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Watoto wakamaliza siki yangu yote kwa kurudia mchezo huo kwenye kila jiwe walilolikuta uani. Mawe mengine yalinyamaza tu.

Ile ni chokaa, akaeleza. Mchwa hupandisha udongo mfinyanzi kutoka chini, maji yanayopanda nao hukauka ndani ya kichuguu, chokaa inabaki. Udongo wetu mwekundu kwa kawaida ni mchachu, na mboga nyingi hazipendi uchachu. Ndiyo maana mtama wa wakulima wa zamani ulikuwa ukipandwa pembeni ya vichuguu, na hadi leo wapo wanaobomoa kichuguu na kukisambaza shambani kama mbolea.

Nilimuuliza pia kuhusu shaba, maana hilo linanikosesha usingizi. Upande ule wa mji ambako pepo za kusini-mashariki zilimwaga vumbi la kiwanda cha shaba kwa miaka mingi, kuna maeneo ambayo udongo una shaba nyingi kiasi kwamba hata nyasi zinachagua pa kuota. Akanionyesha kwa mkono upepo unakotoka na bomba la moshi liliko. Sisi tuko upande mwingine. Hata hivyo ameniambia mboga za majani nizioshe vizuri, kwa ajili ya vumbi la barabara.

Basi, matuta matatu, kila moja mita 1 kwa 4. La kwanza: udongo mwekundu na samadi ya kuku. La pili: udongo wa kichuguu mtupu, uliopondwa kwa nyundo (kazi ya siku mbili, mikono ilitoka malengelenge). La tatu: bruweti (toroli) tatu za udongo mwekundu kwa moja ya kichuguu, pamoja na samadi. Udongo wa kichuguu nimeukwangua chini tu, pale ulipoporomoka wenyewe. Kote nimetia kabichi ya Kichina na lengalenga, yaani mchicha. Kisima chetu kina mita 11. Ndoo kumi na nne kila jioni, naanza kuwaheshimu punda.

Kuhusu ua la Noeli: limewaka jekundu lote. Huo mmea husubiri siku zifupike ndipo uvae rangi, na kwetu kusini mwa ikweta siku fupi ni za Juni na Julai. Kwenye kadi za Ulaya unachanua na theluji, kwangu unachanua na vumbi, na Desemba ukifika ni majani ya kijani matupu. Jina tumerithi bila kuangalia kalenda.

Jumamosi, 19 Agosti

Matokeo ya kwanza, bila kuficha.

Tuta la pili limenishinda. Mimea iliota, ikafika vidole vitatu, ikasimama. Ukimwagilia, maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Likipiga jua, udongo unapasuka vipande vipande, na mizizi inakatika kwenye nyufa. Nilishika kipande kimoja nikakigonga kwa ufunguo: kikalia. Ni tofali, limekosa tanuri tu. Mume wangu alikuwepo wikendi hii, akapita pale, akasimama, hakusema neno. Alitabasamu. Afadhali angesema.

Tuta la kwanza liko sawa, la kawaida. La tatu ni jambo jingine. Kabichi zimefungua majani mapana, mshipa wa katikati mweupe na mnene kama kidole cha mtoto, na ukikata shina linatoa maji. Nimekata mara ya kwanza siku ya 38. Lengalenga nimeshalikata mara mbili na linarudi. Tumekula bukari, yaani ugali, na lengalenga la karanga siku nne mfululizo, mpaka mtoto wa mwisho akauliza kama baba yake hajatuma pesa.

Mwembe ulianza kutoa maua Juni. Sasa umejaa nyuki tangu saa tatu asubuhi. Hewa ina moshi. Mapori yanachomwa kuzunguka mji, na majivu meusi membamba kama nyuzi yanashuka juu ya nguo zilizoanikwa. Mwewe wanazunguka juu wakisubiri panzi wanaokimbia moto.

Jumatano, 13 Septemba

Nina hasira, kwa hiyo mwandiko utapinda.

Nimerudi shule saa saba. Mlangoni nikakuta pusu-pusu mbili, mikokoteni ya kusukuma, zimejaa udongo, na ndani vijana wawili na mtu mzima wana sururu, wametoboa kichuguu upande wa magharibi. Shemeji yangu ameketi chini ya mwembe na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Anasema alielewa kaka yake amekubali "wachukue kidogo wajaribu kama udongo unashika". Kidogo! Shimo ni mita mbili kwa upana, na nikiingia na mkono ulionyooka sifiki mwisho. Yule fundi wa matofali alikuwa ametoa dola 20 za utangulizi. Nimezirudisha kutoka kwenye pesa za unga, na nimemwambia shemeji, kwa adabu yote inayotakiwa, kwamba munkoyo ukiisha aende nyumbani.

Nilimpigia mume wangu. Aliapa kwamba alimwambia mdogo wake "aulize bei" tu. Ninamwamini nusu.

Walipoondoka nikachuchumaa mbele ya lile jeraha. Sikuwahi kuona ndani. Ni vyumba, vingi, kila kimoja cha kutosha ngumi, vina kuta laini kana kwamba vimepakwa kwa kiganja chenye maji. Ndani ya vyumba kuna kitu cha rangi ya kahawia, chenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, chepesi, ukikishika kinamomonyoka. Juu yake vidoa vyeupe vidogo, mviringo, kama lulu za shanga. Askari wao wakubwa wenye vichwa vyekundu walikuwa wamejipanga kwenye kila tundu. Mmoja alinishika kidole gumba, nikamvuta, mwili ukatoka, kichwa kikabaki.

Kijana wa agronomia alikuja jioni na tochi ya simu. Hilo ndilo shamba lao, akasema. Mchwa hawa hawasagi kuni tumboni peke yao: wanatafuna majani na miti, wanaipanga hivi, kuvu inaota juu yake, nao wanakula. Bowa tunaowala sisi wakati wa mvua, wale wakubwa wa vichuguuni, ni kuvu hiyohiyo ikichomoza nje. Hauoteshwi kwa mkono kama uyoga wa kwenye mifuko. Ukitaka bowa, mfuge mchwa.

Kisha akanieleza jambo lililonikalisha chini. Watafiti walipasua vichuguu vikubwa vya mchwa wa aina hii karibu na mji wetu, wakapima umri wa udongo wa ndani, na matokeo yakachapishwa 2015. Kichuguu kimoja kilichokuwa kimeshaachwa kilikuwa na zaidi ya miaka 2000. Kingine, chenye mchwa hai, chini kabisa kilikuwa na kama miaka 700. Mji huu Wabelgiji waliuanzisha 1910. Nimetazama ile pusu-pusu ilikopita, alama za magurudumu bado zipo.

Alhamisi, 14 Septemba

Alfajiri matundu yote madogo yamezibwa kwa udongo mbichi, mweusi kidogo kuliko ule wa zamani. Usiku mmoja. Lile shimo kubwa ndilo bado.

Nimechukua misumari mitano ya inchi sita, nimeipigilia ardhini ndani ya shimo kwa mstari mmoja, kutoka ukuta wa ndani kuelekea nje, shibiri hadi shibiri. Wakiongeza ukuta, watameza misumari. Nitahesabu.

Udongo uliobaki chini, bruweti tisa, siurudishi kwao na siuuzi. Tuta la pili nalivunja na kulichanganya upya kama la tatu, na nitafungua la nne na la tano. Mama jirani, ambaye yuko mjamzito wa miezi saba, amekuja kuomba bonge moja la kutafuna. Amechagua kwa makini, kama anayechagua nyanya.

Jumamosi, 7 Oktoba

Joto. Jakaranda za katikati ya mji zimechanua zote, na barabara chini yake zimekuwa za zambarau. Ukishuka kwenye basi viatu vinateleza juu ya maua. Mjini ni uzuri. Kwangu ni mwezi wa njaa ya maji. Kisima kimeshuka, kamba nimeiongeza mita mbili, ndoo inapanda na matope. Mabomba ya mtaa yamekauka wiki ya pili. Nimeacha kabichi zife na kuokoa pilipili, mche wa mpapai na nyanya sita. Bustani ya Oktoba ni kuchagua wa kuzikwa.

Wanaofaidi ni wengine. Kuzumburu wamegundua mapapai: wanakuja saba au nane, mikia mirefu inaning'inia, wanatoboa tunda upande mmoja na kulila mpaka likabaki ganda lililosimama kama taa. Shore wanawafuata kumalizia. Chozi mmoja dume, shingo inang'aa kijani na shaba kulingana na jua, analinda ua la kana kama vile alilinunua yeye. Popo wakubwa wanapita usiku juu ya mwembe, mabawa yanapiga kama mtu anayekung'uta kitenge. Huu ni msimu ambao popo wa matunda wenye manyoya ya manjano hukusanyika kwa mamilioni kule Kasanka, Zambia, mpaka Desemba, na mimi nimeshakata kauli kwamba hawa wangu wako safarini na embe zangu ni chakula cha njiani.

Sokoni kuna masuku, matunda ya porini. Nimenunua, nimekula, mbegu nimezirusha nyuma ya kichuguu.

Alhamisi, 9 Novemba

MVUA. Manyunyu mawili ya Oktoba siyahesabu, yalilowesha mabati tu. Hii ya jana ilianza saa tisa mchana na kuendelea hadi watoto wakalala. Harufu ya udongo iliingia mpaka kwenye kabati la nguo.

Na leo jioni, nswa. Huko pwani wanaita kumbikumbi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa giza, ila tochi moja hapa na moja pale. Kifungua mimba wangu aliweka beseni la maji chini ya mwembe, akaning'iniza simu juu yake ikiwa imewashwa taa. Dakika kumi hakuna kitu. Kisha kichuguu kikaanza kutoa moshi. Ndivyo nilivyoona kwanza, moshi mwembamba kutoka kwenye nyufa upande wa mashariki. Kumbe ni mabawa. Walitoka kwa maelfu, wazito, wakiruka vibaya kama watu waliovaa makoti makubwa, wakaijia taa na kuanguka majini. Chura watatu walikuwa wameshafika kabla yetu, wameketi kuzunguka beseni, na sijui nani aliwaalika. Kuku waliokuwa wamelala waliamka. Hata mbwa alikula.

Tulipata ndoo nusu. Unawapepeta mabawa yaondoke, unawatia kwenye kikaango kikavu juu ya mbabula, mafuta wanayatoa wenyewe, chumvi kidogo, basi. Mtoto wa mwisho alijaza mfuko wa sare ya shule kwa ajili ya kesho. Nimempelekea mama jirani bakuli, na nyingine nimempelekea shemeji. Amani imerudi, kwa kiasi.

Kazi iliyobaki imekuwa nyepesi kuiandika kuliko kuifanya: mahindi mistari minane, maharage katikati yake, maboga kwenye mguu wa kichuguu ili yapande juu, karanga meka moja, lile kopo la kupimia la sokoni. Asubuhi na mapema kuna ndege asiyeonekana anayeimba sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, mpaka unataka kumjibu.

Misumari: mmoja umefunikwa.

Jumatano, 20 Desemba

Siku ya kupiga kura. Mistari mirefu, nimerudi jioni miguu imevimba, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kitu kingine nikakaa kwenye mahindi na kuwinda viwavi jeshi.

Ukitaka kuwajua, fungua jani la katikati. Utaona kwanza kinyesi chao, kama vumbi la mbao lililolowa. Kisha yeye mwenyewe, kichwa chini. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba, kama upande wa nne wa dadu. Alifika Afrika 2016 kutoka bara la Amerika na hajaona sababu ya kurudi. Dawa sinunui, ni ghali na kuku wangu wanazurura humu. Nawaponda kwa vidole, na kwenye kila mhindi nimetia chembe za mchanga na majivu kooni. Wanaokutwa wawili kwenye jani moja ni nadra, maana mkubwa humla mdogo.

Maembe yanaanguka usiku, mabatini, kama mabomu. Watoto wa mtaa mzima wanajua jina langu.

Jumanne, 26 Desemba

Baba watoto yuko nyumbani kwa sikukuu. Asubuhi hii aliamka kabla yangu, jambo lisilo la kawaida, na nikasikia hatua zake zikielekea kichuguuni. Nilijua anakwenda kupima. Mwaka unakaribia, mtu anataka kujua tofali zake.

Alirudi baada ya robo saa. Mguu mmoja wa suruali umelowa hadi gotini. Mkononi alikuwa ameshika bowa kwa shina lake, kofia ikiwa juu, pana kuliko mfuniko wa sufuria yetu kubwa, na matone ya mvua bado yako juu yake.

"Wako wangapi?" nikauliza.

"Njoo uone."

Kumi na mmoja. Wametoka upande wa magharibi, mita chache kutoka kwenye lile shimo, wengine bado wamefunga kofia kama ngumi. Nimeupima mkubwa kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 52. Wa aina hii hufika karibu mita 1, kijana wa agronomia anasema, na hakuna uyoga wa kuliwa unaoushinda ukubwa duniani. Rangi juu ni kahawia ya chai yenye maziwa, katikati pana chunusi nyeusi, chini ni vijani vyeupe vilivyopangwa kama kurasa. Nkambo (mzee) wa mama jirani aliitwa athibitishe, maana bowa si kitu cha kubahatisha, watu hufa. Alinusa, akavunja ukingo, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema ndiyo wenyewe. Akatufundisha pia tusiukate kwa kisu. Unazungusha taratibu, unavuta, na mzizi wake mrefu unatoka, mweusi, mwembamba, ukirudi chini gizani kule kwenye vyumba nilivyoviona Septemba.

Tulichukua sita, tukaacha watano. Kofia zimepasuliwa kwa mkono, kitunguu, nyanya za mwisho za tuta la tatu, unga wa karanga. Ladha ni ya kuku, lakini kuku aliyeishi msituni. Mume wangu aliongeza bukari mara tatu. Habari ya tofali haikutajwa leo, nami sikuitaja.

Jumapili, 14 Januari 2024

Haraka haraka. Magugu. Konokono. Mvua kila siku, nguo hazikauki, ukungu kwenye viatu. Kibwabwa kingi mno, tumekula majani ya maboga mpaka tumeanza kuyagawa kwa nguvu. Nyoka mdogo wa kahawia ameonekana kwenye kichuguu. Mama jirani anasema ni swila, mimi niliyemwona nasema ni yule mla panya asiye na sumu, na kichwa chake hakikunyanyuka wala kupanuka. Mtaa umeamini mama jirani. Kwa wiki mbili hakuna mtoto aliyekuja kuiba embe.

Misumari: miwili.

Jumamosi, 2 Machi

Alhamisi Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Hapa kwetu habari hiyo haisomwi kama habari za nje, maana unga mwingi wa bukari tunaokula unatoka huko, na lori zikichelewa mpakani Kasumbalesa kila mama anajua kabla ya redio. Sokoni leo wanawake hawakuzungumza kingine. Huku mvua haikukata kabisa. Kwangu zilipita siku kumi na moja kavu mwezi wa pili, mahindi yakakunja majani kama sigara. Mistari minne iliyo kwenye udongo mchanganyiko ilikunja mchana na kufungua jioni. Ile minne iliyo kwenye udongo mwekundu mtupu ilikaa imekunjwa hadi mvua iliporudi, na mahindi yake leo ni vibutu, nusu hayana punje.

Nimevuna mahindi mabichi 140 kwa jumla, na nimeandika kwenye mlango wa jiko kwa chaki ni mangapi yametoka wapi: 97 kwa 43. Mume wangu ni mtu wa hesabu. Amesimama mbele ya mlango ule muda mrefu kuliko anavyosimama mbele ya televisheni.

Mapera yameanza kuiva kwa jirani, na harufu inapita ukuta. Mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme zisizo na umeme.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua zinaaga. Mbili tu wiki hii, fupi. Kosmosi za waridi na nyeupe zimejaa kila kiwanja kisichojengwa, na kando ya barabara ya Kasenga alizeti pori imesimama ukuta wa njano, juu ya kimo cha mtu. Nimeifyeka mizigo mitano kabla haijakomaa: majani yake yanaoza upesi na ni mbolea nzuri. Nimeyapanga kwenye matuta, nimefunika kwa udongo. Vidole vimebaki na uchungu wake, hata nikilamba chumvi nausikia.

Keremkerem walipita asubuhi, kundi kubwa, juu sana, sauti zao zikisikika kabla ya wao kuonekana. Wanarudi kaskazini. Parachichi la kwanza kabisa la mti wangu limeanguka lenyewe. Kilo kasoro, nusu imeliwa na panya, nusu nimeila mimi kwa chumvi nikiwa nimesimama palepale.

Karanga: meka moja iliyopandwa, meka tano zilizovunwa, na nyingine watoto walizila wakizing'oa.

Jumapili, 5 Mei

Fundi wa matofali amerudi, safari hii amebisha hodi vizuri. Alikaa na mume wangu chini ya mwembe. Mimi nilikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi, sikujificha. Anasema vumbi limeanza, tanuri ziko tayari, bei imepanda kidogo tangu mwaka jana.

"Udongo tunautumia," mume wangu akamjibu.

"Wote ule?"

"Kidogo kidogo."

Fundi alikunywa maji, akasifu lengalenga, akaomba fungu la kumpelekea mkewe. Nilimkatia mafungu mawili. Alipoondoka mume wangu akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya shimo la Septemba, ambalo sasa si shimo, ni kama shavu lililobonyea. Ukuta mpya bado una rangi tofauti. Alikuwa akiupapasa kwa kidole akitafuta vichwa vya misumari.

"Mitatu imekwenda," akasema. "Ya nne wameanza kuigusa, angalia hapa chini."

Wiki ijayo ataleta bomba la plastiki kutoka Kolwezi, la kuteremsha maji ya paa kwenye pipa. Pipa ninalo. Mbegu za kabichi nimeziloweka tangu asubuhi.